Nyumba ya Mkristu: Mficha Uchi Hazai



Mwezi huu nawaomba akina baba na akina mama wausome ukurasa huu kwanza wao wenyewe kabla ya kuwapa watoto, maana habari yake ni ya chumbani. Si habari ya aibu, kwa kuwa mwili wetu ni kazi ya Mwenyezi Mungu. Lakini kila neno lina mahali pake na saa yake.

Wazee wetu walituachia methali hii: Mficha uchi hazai. Twaitumia kila siku kwa mambo mengine, kama mtu afichaye deni lake hata msaada ukampita. Leo naitumia kwa maana yake yenyewe. Nataka kuwaeleza habari za kovu liotalo ndani ya mji wa mimba na kumzuia mwanamke asizae, na jinsi madaktari wanavyolikata. Naieleza kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili, na kosa langu liliwapotezea watu wawili miaka miwili.

HABARI YA NYUMBA MOJA

Katika kigango kimoja, upande wa msitu wa miombo, wako mume na mke niliowafundisha mimi kabla ya ndoa yao. Wamenipa ruhusa kuwasimulia, mradi nisiwataje. Katika mwaka wao wa kwanza mke alichukua mimba. Ilipofika mwezi wa nne ikaharibika yenyewe. Ilikuwa wakati wa mvua, njia zote matope. Akapakiwa juu ya pikipiki, mume nyuma yake amemshika asianguke, akafikishwa mahali pa matibabu hali amepungukiwa na damu sana. Huko akakwanguliwa ndani, jambo ambalo watu wetu huliita kusafishwa, akapona, akarudi nyumbani. Waliomhudumia waliokoa maisha yake, nasi twawashukuru.

Lakini tangu siku ile ada yake ya mwezi haikuwa kama zamani. Kwanza damu ilipungua ikawa ya siku moja, kisha ikawa matone, mwisho ikakatika kabisa. Kila mwezi tumbo lilimwuma kama desturi, wala hakuona kitu. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Alidhani mwili umechoka, tena aliona haya. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Mama mkwe akaanza kuuliza. Shangazi wa mume akaleta habari za mpiga ramli aliyetaka mbuzi wawili ili amtaje mtu aliyemfunga uzazi. Ndugu za mume wakakaa barazani, wakasema kwamba shamba lisiloota huachwa, likatafutwa jingine.

Ndipo wakaja kwangu. Nami niliwajibu nini? Niliwaambia wasali novena, wavumilie, wala wasikanyage kwa mpiga ramli. Maneno hayo yalikuwa mema, siyajutii. Lakini sikumwuliza yule mama hata neno moja juu ya mwili wake. Niliona haya, mimi mwalimu wa dini, kumwuliza mke wa mtu habari za damu yake, wala sikumwambia, "Nenda kwa sista mwuguzi, umweleze yote." Basi wakaenda wakasali miaka miwili. Kisha sista mmoja mwuguzi akapita kigangoni, akaketi naye chini ya mwembe, akamwuliza maswali mawili tu: "Je, uliwahi kusafishwa? Na tangu hapo siku zako zikoje?" Kwa maswali hayo mawili njia ikafunguka.

Nilipoyasikia nilisikitika sana. Kusali hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba nilifanya sala iwe pazia la haya yangu.

KOVU HILI NI NINI

Mkumbukeni mtoto aliyeangukia moto jikoni, akaunguza vidole viwili. Mtu asiyejua huvifunga vidole vyote pamoja kwa kitambaa kimoja. Ngozi ikipona, vidole hushikamana vikawa kama kimoja. Mwuguzi ajuaye kazi hutia kitambaa katikati, ili kila kidole kipone peke yake. Ushikeni mfano huu, maana utatufaa mpaka mwisho.

Mji wa mimba ni mfuko wa nyama, nao usipokuwa na mtoto ni mdogo, kama ngumi ya mtoto. Ndani una kuta mbili, ya mbele na ya nyuma, zilizolaliana. Kuta hizo zimetandikwa utando wenye matabaka mawili. Tabaka la juu hukua kila mwezi kumwandalia mtoto kitanda. Asipotungwa mtoto, hubomoka likatoka pamoja na damu. Tabaka la chini halitoki. Ndilo shina ambalo lile la juu huchipuka tena. Ni kama majani ya malisho: ukiyafyeka, mvua ikinyesha yataota, ukiyang'oa na mizizi, mahali pale pabaki peupe.

Basi mimba ikiharibika, au kipande cha kondo la nyuma kikibaki baada ya kuzaa, mji wa mimba huwa laini mno. Ukikwanguliwa kwa chombo chenye makali, huenda hata tabaka la chini likaondoka. Kuta mbili hubaki kidonda kwa kidonda, na zikipona hushikamana kama vile vidole. Mara nyingine ni nyuzi chache tu. Mara nyingine nafasi yote huzibika. Hapo mbegu ya mume hukosa njia, au mimba ikitungwa hukosa mahali pa kushika, ikatoka tena na tena.

Mara nyingi chanzo ni hicho. Lakini makovu huweza kutokea pia baada ya kupasuliwa ili kuondoa uvimbe wa kizazi. Na tena kifua kikuu, ambacho watu hudhani ni ugonjwa wa mapafu tu, huweza kushuka kikashambulia mirija na mji wa mimba. Dawa za kifua kikuu huua wadudu wake, lakini makovu yaliyoachwa ni magumu kutengenezwa. Kwa hiyo mwenye kikohozi cha majuma mawili na zaidi asikae nyumbani.

Mtu asiseme kwamba hii ni kazi ya wachawi. Daktari Mjerumani, Heinrich Fritsch, aliandika habari za mgonjwa wa namna hii mwaka 1894. Mwaka 1948 daktari Joseph Asherman wa Tel Aviv alieleza habari za wanawake 29 waliokatikiwa na ada ya mwezi baada ya kukwanguliwa, na kwa ajili yake ugonjwa huu hata leo huitwa ugonjwa wa Asherman. Ugonjwa uliojulikana kwa miaka zaidi ya 100, wenye jina vitabuni na dawa hospitalini, hauhitaji mbuzi wa mpiga ramli.

JINSI UNAVYOJULIKANA

Dalili kubwa ni hii: mwanamke aliyekwanguliwa, kisha damu yake ya mwezi ikapungua sana au ikakoma, pengine na maumivu ya kila mwezi. Dalili nyingine ni mimba kuharibika mara kwa mara, au kutokuchukua mimba kabisa. Lakini si kila damu inayokoma ni kovu. Mimba huikomesha, na kunyonyesha, na sindano za kuzuia uzazi, na magonjwa mengine. Tena wako wenye kovu ambao damu yao haikukoma kabisa. Kwa hiyo asijihukumu mtu mwenyewe, wala asihukumiwe na jirani kisimani. Apimwe.

Vipimo ni vitatu. Cha kwanza ni picha ya eksirei: dawa ya maji hupitishwa ndani ya mji wa mimba, na picha huonyesha ilipopita na ilipokwama. Picha hiyo huonyesha pia kama mirija imeziba. Cha pili ni ultrasaundi, nacho huona vizuri zaidi kama maji safi ya chumvi yametiwa ndani. Cha tatu, kinachoshinda vyote, ni kuchungulia kwa macho: mrija mwembamba wenye taa hupitishwa kwa njia ya uzazi, na daktari huona kila kitu juu ya kioo. Kazi hiyo huitwa histeroskopi. Daktari aitwaye Pantaleoni alichungulia hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1869, lakini ilichukua miaka mia hivi mpaka vyombo vikafaa kwa kupasulia. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari waliweza kuona na kukata kwa wakati mmoja.

JINSI KOVU LINAVYOKATWA

Zamani daktari alilivunja kovu kwa kupapasa bila kuona, au alipasua tumbo. Siku hizi, penye vyombo na mtu aliyefundishwa, mgonjwa hulazwa usingizi wa dawa au hutiwa ganzi, na mrija ule hupitishwa bila kuchana tumbo. Maji hutiwa ili kuta ziachane kidogo. Kwa mkasi mdogo sana, daktari hukata uzi baada ya uzi, akianzia katikati na kwenda pembeni polepole, mpaka apate nafasi. Yahitaji mkono mtulivu, kwa sababu mahali palipozibika hapana alama ya njia. Akikosea huweza kuutoboa mji wa mimba. Ndiyo maana wengine huweka ultrasaundi juu ya tumbo ili kuongoza mkasi. Hatari nyingine ni damu kutoka na wadudu kuingia, lakini hizo hutokea kwa wachache.

Sasa kumbukeni vidole vya yule mtoto. Kukata ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzuia kuta zisishikamane tena. Kwa hiyo mara nyingi daktari huacha ndani mpira mdogo uliojazwa maji, kwa siku kadhaa, uwe kama kitambaa kati ya kidole na kidole. Kisha wengi humpa mgonjwa vidonge vya estrojeni kwa majuma machache, ili utando uchipuke upesi. Baada ya mwezi mmoja au miwili huchungulia tena. Akikuta nyuzi mpya changa, huzikata kabla hazijakomaa. Wengine huhitaji kupasuliwa mara mbili au tatu.

Je, hufaulu? Nitasema kweli, maana ahadi ya uongo ni ukatili kwa mtu mwenye kiu ya mtoto. Wanawake wengi hurudiwa na ada yao ya mwezi. Habari ya mimba ni nyingine: tukiwachukua wote pamoja, karibu nusu yao huchukua mimba, wenye nyuzi chache hufaulu zaidi, wenye kovu kubwa hufaulu kidogo, na kwao kovu hurudi mara nyingi. Umri nao una neno lake, kwa kuwa baada ya miaka 35 uzazi hupungua mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo miaka miwili ya kuona haya si kitu kidogo.

MASWALI NILIYOULIZWA

Tangu nianze kuyasema mambo haya vigangoni, maswali haya nimeulizwa mara nyingi, na nimeyapeleka kwa mapadre na kwa wauguzi kabla ya kuyajibu.

Swali: Je, si kumwingilia Mungu kazi yake, kupasua mahali alipopafunga?

Jibu: Kovu si amri ya Mungu, ni kidonda kilichopona vibaya. Kanisa limesema wazi, katika barua ya mafundisho iitwayo Dignitas Personae ya mwaka 2008, kwamba matibabu yanayoondoa kizuizi cha uzazi wa kawaida ni halali, kwa mfano kuzibua mirija kwa upasuaji. Kukata kovu ni kazi ya namna hiyo hiyo: daktari hufungua mlango, na mume na mke hubaki wenyewe katika ndoa yao. Kanisa halikubali njia ya kumtunga mtoto ndani ya chupa, kwa kuwa huchukua mahali pa tendo la ndoa. Mambo hayo mawili yasichanganywe. Tena Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu mganga, na atuagiza kusali na kumwita mganga pia. Na hapa kwetu magharibi twamkumbuka Adriano Atiman: alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma uganga huko Malta, akawa katekista na mganga wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Mkono ule ule ulioshika katekisimu ulishika kisu cha kupasulia. Mimi niliyemkumbuka katika mafundisho yangu mara nyingi ningalipaswa kulijua hilo mapema.

Swali: Sista alimpa mke wangu vidonge, na jirani akasema ni vya kuzuia uzazi. Tena wengine huwekewa kitanzi. Tuvikatae?

Jibu: Tazameni kusudi. Vidonge hivi vimetolewa ili utando uote tena. Kitanzi, daktari akikitumia badala ya mpira, kimewekwa kwa muda ili kuta zisigusane. Barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1968 yafundisha kwamba dawa zinazohitajiwa kuuponya mwili si haramu, hata kama kwa muda zazuia uzazi, mradi hilo lisiwe ndilo kusudi. Mwulizeni daktari: ni cha nini, na kitatolewa siku gani? Siku ikifika, rudini kitolewe. Wako waliosahau, wakalia miaka kwamba hawazai.

Swali: Mume apimwe ya nini, na mke ndiye asiyezaa?

Jibu: Nani amejua kwamba ni mke? Mara nyingi sana sababu huwa kwa mume, au kwa wote wawili. Kipimo cha mume ni chepesi, hakina kisu wala maumivu. Mume ampelekaye mke kupasuliwa, naye mwenyewe akakataa kupimwa, huyo hatafuti mtoto. Atafuta mtu wa kumlaumu.

Swali: Mama aliyeitoa mimba yake mwenyewe zamani, kwa mizizi au kwa kijiti, aweza kusema hospitalini?

Jibu: Aweza, tena yampasa kumwambia daktari kweli yote, maana asiposema atatibiwa gizani. Daktari si hakimu. Na kwa roho yake aende kwa padre yeyote katika kitubio. Tangu mwaka 2016, kwa idhini ya Papa Fransisko, kila padre mwenye ruhusa ya kuungamisha aweza kumwondolea dhambi hiyo. Dhambi ni kubwa, wala sisemi ni ndogo. Lakini nawaambia walimu wenzangu: swali letu likiwa na harufu ya hukumu, mama huyo atanyamaza, na kovu lake litakaa.

Swali: Akichukua mimba baada ya kupasuliwa, mambo yamekwisha?

Jibu: Hayajaisha. Kondo la nyuma huweza kujishikiza ndani mno, lisitoke baada ya kuzaa, damu ikamwagika nyingi. Basi mama huyo ahudhurie kliniki mapema, aseme kwamba aliwahi kukatwa kovu, azae katika hospitali yenye damu na daktari wa kupasua. Asizalie nyumbani, hata mkunga awe hodari namna gani.

KWA WAUME NA AKINA MAMA WAKWE

Sasa nageukia baraza. Ndugu za mume walisema habari za shamba. Mke si shamba. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, yasema kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Ahadi mliyoitoa mbele ya altare haikuwa na neno "akizaa". Elkana, mume wa Hana, hakumfukuza mkewe, bali alimpa fungu la upendo na kumbembeleza katika machozi yake. Mwenye kumdhihaki alikuwa Penina. Kila nyumba yetu ina kina Elkana na kina Penina; kila mtu ajiulize yeye ni nani.

Nanyi akina mama wakwe, mnayo kazi kubwa ya wema. Ninyi ndio mnaojua siku mkwe wenu alipopoteza mimba. Badala ya kuuliza, "Mjukuu yuko wapi?" mwulize yale maswali mawili ya sista. Uzee wenu utamfaa kuliko dawa.

JINSI YA KUJIKINGA

Si kila aliyesafishwa hupata kovu. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, miongoni mwa wanawake waliochunguliwa baada ya mimba kuharibika, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na makovu, na mengi yalikuwa madogo. Kwa hiyo mwanamke atokwaye na damu asikimbie hospitali kwa kuogopa kovu. Damu huua kwa saa chache, kovu haliui. Lakini shikeni haya:

1. Mimba ikiharibika, nenda upesi kwa wauguzi. Ucheleweshaji huleta wadudu na kidonda.

2. Uliza kama yawezekana kutumia dawa au kifaa cha kuvuta kwa hewa badala ya chuma cha kukwangulia. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba chuma chenye makali kiachwe na njia hizo zishike mahali pake. Kuuliza kwa adabu si ukaidi.

3. Uliza jina la kazi uliyofanyiwa, uliandike pamoja na tarehe katika daftari lako la kliniki.

4. Zihesabu siku zako baada ya hapo. Damu isiporudi katika majuma sita hadi nane, wala huna mimba, rudi ukaseme. Usingoje mwaka. Kadiri kovu linavyokutwa changa, ndivyo lilivyo jepesi.

5. Kwa wengine wasio na dalili hiyo, mume na mke wakikaa pamoja mwaka mmoja bila mimba, waende wote wawili. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita.

6. Kutoka kwetu Tabora, anzeni katika zahanati au hospitali ya karibu, kisha Kitete, hospitali ya mkoa, mpate barua ya rufaa ya kwenda Bugando kule Mwanza au Muhimbili kule Dar es Salaam. Kabla ya kukata tiketi ya gari moshi au basi, ulizeni kwa simu kama chombo kipo, kama daktari wake yupo, na gharama ni kiasi gani, ili fedha ya tumbaku isiishie njiani.

MWISHO WA HABARI YA NYUMBA ILE

Mtaniuliza, je, yule mama amezaa? Picha ya eksirei ilionyesha kwamba karibu nusu ya mji wa mimba imezibika. Akakatwa kovu, akawekewa mpira, akameza vidonge, akachunguliwa tena na kukatwa nyuzi chache zilizorudi. Mwezi wa tatu siku zake zikamrudia, naye alikuja kumwambia mke wangu huku akicheka na kulia pamoja, kama mtu aliyepata tena kitu kilichopotea. Mumewe naye alipimwa, akaonekana mzima. Lakini mpaka leo ninapoandika, hawajapata mtoto.

Naliandika hili kwa ruhusa yao, nao ndio waliotaka liandikwe. Mume aliniambia, "Mwalimu, usiwadanganye watu kwamba kisu ni muujiza. Waambie tu wasingoje kama sisi." Ndugu zake walipokuja tena barazani na maneno yao ya mke wa pili, aliwatolea ile picha ya eksirei, akawaonyesha kwa kidole mahali palipozibika, akasema, "Mlisema ni mchawi. Mchawi mwenyewe ni huyu." Wakatazama kwa muda mrefu, wakanywa uji wao, wakaenda. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja shamba tena.

Wangali wanangoja, lakini sasa wanangoja wakiwa wawili, tena wakijua wanangoja nini. Na ikiwa mtoto hatakuja, nyumba yao haitakuwa nyumba tupu. Katika miaka ya 1880 Mapadre Weupe walilea hapa Kipalapala watoto waliokombolewa katika njia ya misafara, watoto wasio na baba wala mama wa kuwaita. Imani ya nchi yetu ilipandwa kwanza katika mikono ya watoto wa namna hiyo, waliolelewa na watu ambao hawakuwazaa. Yatima wako hata leo katika kila kigango.

Walimu wenzangu wa dini, nawaomba neno moja. Akija kwenu mume na mke wenye kilio hiki, salini nao, kama nilivyosali mimi. Lakini kabla hawajaondoka, mpelekeni mke kwa mwanamke mwenye busara au kwa sista, aulizwe yale maswali mawili. Mimi sikuyauliza.

Mama Bikira Maria, aliyekwenda haraka milimani kumtumikia Elizabeti mzee aliyepata mimba, awaombee wote wanaongoja.

Ndimi mwalimu wenu wa dini,
Kipalapala.